Stima Kavu

Mimi ni msusi, na vidole vyangu hushinda kutwa nzima ndani ya nailoni. Wateja huja na nywele za pakiti, nami huzichambua, nikazigawa, nikaziunga na za kwao. Kuanzia Januari hadi mvua za Machi zianguke, nywele hizo hunitesa. Huinuka zenyewe. Hunata kwenye aproni, kwenye shavu la mteja, kwenye ukuta uliopakwa rangi ya mafuta. Ukizipitishia kichana cha plastiki unasikia chi-chi-chi, kama chumvi iliyomwagwa kwenye makaa. Wenzangu hucheka na kusema zina mapepo. Mimi sicheki. Huchukua chupa ya maji, nikazinyunyizia, zikatulia, kisha nikaendelea na kazi bila kumtazama mtu usoni.

Najua kilichomo ndani ya nywele hizo kwa sababu baba yangu alinifundisha, na mimi sikumsikiliza. Ningemsikiliza, huenda angekuwa hai. Nimeona niliseme hilo mapema, maana sipendi watu wanaosimulia misiba yao kwa kuzunguka mbuyu, wakingoja msikilizaji awahurumie kwanza.

Tuliishi Lucky Summer, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, bomba moja katikati. Baba, mama na mimi tulikuwa na chumba kimoja, na pazia lililokigawa. Upepo ukitoka upande wa Dandora ulituletea moshi wa jaa la taka, na mama akawa anafunga dirisha kwa hasira kana kwamba kuna jirani aliyeuwasha kwa makusudi. Stima ya ploti ilikuwa ya kuunganishwa ovyo. Waya ulitoka chumba hiki, ukapita juu ya mabati, ukaingia kile, na mvua ikinyesha milango ya chuma ilikuwa inauma. Nikiwa na miaka saba nilikwenda kuanika sare yangu kwenye waya wa nguo, miguu mitupu kwenye matope, nikatupwa hadi kwenye karo la kufulia. Mama alinichapa kwanza, halafu akalia. Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na amri moja: hakuna kugusa waya, swichi wala mlango bila malapa. Mpira ndio uhai. Mtoto wa Eastlands hulijua hilo kabla hajajua kuandika jina lake, na kwa stima ile tuliyoizoea ni kweli kabisa.

Baba alijua stima nyingine.

Alifanya kazi mtaa wa Baba Dogo, kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa mifuko ya mkate. Plastiki nyembamba ilikuja kwenye roli pana kama mlango. Mashine iliivuta, ikaipitisha kwenye wino, ikaikausha kwa hewa ya moto, ikaikunja upya upande wa pili. Wino ulizimuliwa kwa thina, ile inayokauka kabla hujamaliza kuinusa na inayowaka kwa cheche moja tu, na kazi ya baba ilikuwa kutembea kutoka trei moja ya wino hadi nyingine akiiongeza. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na minane, na miaka yote hiyo alikuwa kibarua.

Nilipokuwa darasa la sita alinipeleka huko siku moja ya likizo, kwa kuwa mama alikuwa amesafiri na hakuna aliyebaki nyumbani. Alinisimamisha kando ya mashine, mbali na thina, pale roli inapofunguka. Vinyweleo vya mikono yangu vilisimama vyote. Nilihisi usoni kitu kama utando wa buibui, nikawa najipangusa na hakuna kitu. Vipande vya karatasi vilivyokuwa sakafuni viliruka vikanata kwenye sketi yangu ya poliesta, na nilipovipangusa vilihamia mkononi. Nilicheka mpaka nikakohoa.

"Ona, mwaitu," baba akaniambia. Aliniita hivyo, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Plastiki imelala imeshikana na mwenzake. Ikivutwa kwa haraka, mmoja anaondoka na kitu cha mwingine. Huyu amezidisha, yule amepungukiwa. Sasa wote hawana amani. Wanatafuta tu pahali pa kusawazisha. Wakipata chuma, wanaruka. Wakipata kidole yako, wanaruka."

"Ni stima?"

"Ni stima kavu. Hii ya nyumbani inatoka kwa waya. Hii haina waya. Unatembea nayo."

Stima kavu ndilo jina walilolitumia wote kiwandani. Baada ya hapo niliiona kila mahali. Niliiona kwenye blanketi la nailoni nililojifunika, nikilikunjua gizani likatoa vimulimuli vya buluu. Niliiona kwenye sweta ya shule nilipoivua kichwani, kwenye karatasi ya mkate iliyong'ang'ania mkono wangu nilipotaka kuitupa, kwenye kiti cha plastiki kilichonidunga nilipoinuka na kushika komeo. Niliona pia kwamba Julai, Nairobi ikiwa na ukungu na nguo hazikauki, haipo. Baba alisema unyevu huichukua kidogo kidogo kabla haijajaa. Shuleni tulisugua kalamu kwenye nywele, tukaokota vipande vya karatasi, nikajibu maswali yote ya mtihani. Nikajiona najua.

Kiwandani zamani palikuwa na waya wa shaba uliotoka kwenye fremu ya mashine hadi kwenye chuma kilichozikwa ardhini, ili stima kavu ishukie huko. Mtu aliukata akauuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwenye kiwanda alisema ataweka mwingine wiki ijayo, na wiki hiyo haikufika hadi leo. Basi baba akawa waya. Kila asubuhi alivua viatu mlangoni, akavipanga kwenye rafu, akamwaga debe la maji sakafuni kuizunguka mashine, akafanya kazi miguu mitupu juu ya saruji yenye maji. Chochote kilichojikusanya mwilini mwake kilishuka kwa nyayo zake kabla hakijapata nafasi ya kuruka. Wenzake walimtania kwamba shamba la kwao Kitui halijamtoka miguuni. Yeye alijibu kwamba ni kweli, na kwamba ndiyo maana hajaungua.

Mimi nilikuwa naona aibu, na sitaipamba. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, na ndani ya mipasuko hiyo palikuwa na wino wa buluu na mwekundu usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe. Jumapili alipovaa viatu kwenda kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, nilifurahi kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimefichwa. Rafiki zangu walipokuja nyumbani nilimwekea beseni mbele ya miguu kana kwamba nimelisahau hapo. Alijua. Aliivuta miguu chini ya kiti.

Nilipomaliza kujifunza ususi na kupata kiti changu mwenyewe saluni, kitu cha kwanza nilichomnunulia baba ni viatu. Vilikuwa vyeusi, vya mtumba lakini vizima, soli nene ya mpira kama tairi. Nilizunguka soko la Gikomba asubuhi nzima nikivitafuta, nikikunja kila soli kuona kama ina ufa. Nilitaka mpira mzito. Nilikuwa nikijiambia kwamba baba anazeeka kati ya mashine na maji, na mtu yeyote mwenye akili timamu, aliyekulia kwenye ploti yetu, angemwambia kuwa stima na maji na miguu mitupu havikai pamoja.

Alivivaa Jumapili. Mama alimwambia anafanana na diwani. Jumatatu aliondoka navyo asubuhi, nami nikaenda kazini nikiimba.

Wiki ile ile nilipita Baba Dogo kumpelekea simu aliyokuwa ameisahau. Nilikuta viatu vyangu vimekaa juu ya rafu, vimefutwa vizuri, vinang'aa. Baba alikuwa ndani, suruali imekunjwa, nyayo zake kwenye maji, na watu wawili waliokuja na gari la kupakia mzigo walikuwa wanamwangalia na kucheka. Damu ilinipanda kichwani. Nilimwita nje.

"Baba, unaniaibisha," nikamwambia. "Nimekununulia viatu uviweke kwa shelfu?"

"Si hivyo, mwaitu. Viatu ni vizuri. Ni hii kazi."

"Mpira unazuia stima. Hata mtoto wa nasari anajua."

Alinitazama kwa upole, na upole wake ukazidi kunikasirisha. Akaeleza, polepole, kama alivyonieleza nikiwa darasa la sita. "Stima ya nyumbani iko nje, inataka kupita kwako ndio iende chini. Mpira unaifungia njia, unapona. Hii iko ndani yako tayari. Ukiifungia njia ya miguu, itatoka wapi? Itatoka kwa kidole. Na kidole yangu iko kwa thina."

Ilikuwa wazi kama mchana. Nikiyaandika maneno hayo leo nashangaa mtu anawezaje kuyasikia na asiyaelewe. Lakini sikuwa nasikiliza, nilikuwa nawatazama wale watu wawili wa gari.

"Sawa," nikasema. "Endelea kuonekana kama chokoraa. Sitakununulia kitu tena."

Chokoraa. Neno hilo nilimwambia baba yangu mzazi, mbele ya kiwanda chake. Mama yangu angelisikia angenipiga kofi, na ningestahili. Baba akasema, "Nimesikia." Akarudi ndani. Jioni alipofika nyumbani alikuwa amevaa viatu, na soli zilikuwa na matone ya wino. Niliyaona matone hayo nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Aliendelea kuvivaa kazini. Novemba na Desemba mvua ilinyesha, hewa ikawa na maji, hakuna kilichotokea, nami nikahesabu hilo kuwa ushindi wangu. Januari ikaja na jua lake. Bomba likakauka mtaani, watu wakawa wananunua maji ya mkokoteni, na kiwandani mwenye kiwanda akasema maji ya kununua hayamwagwi chini. Sakafu ikabaki kavu, ina vumbi. Saluni, nywele za pakiti zikaanza kuinuka. Nikazinyunyizia maji, sikuwaza lolote.

Simu iliita nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa cha mteja. Nilimwacha vile vile.

Aliyenipokea hospitalini ni mama mmoja aliyefanya kazi ya kukunja mifuko kiwandani, mtu wa makamo, jirani wa baba kwenye mashine kwa miaka mingi. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji kwa kuwa ndiye aliyemfunika baba kwa gunia. Nilimuuliza imetokea nini.

"Alikuwa anamimina thina," akasema. "Kidole ikakaribia trei, nikasikia tu *ta!* Kitu kidogo, kama kiberiti ikikataa kuwaka. Halafu moto ikamshika kutoka mikono mpaka huku chini. Hata haukuwa unaonekana vizuri. Niliona tu shati ikiisha."

"Alikuwa amevaa viatu?"

Akatazama pembeni. "Alikuwa miguu mitupu. Kama kawaida yake."

Nilishukuru. Ninaona haya kusema, lakini baba yangu alikuwa amelala nyuma ya pazia hajulikani uso, na mimi nilishukuru.

Siku ya tatu aliweza kuzungumza. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, nikalazimika kuinama. Hakuniuliza juu ya mama, ambaye alikuwa amekaa nje kwenye benchi akishindwa kuingia. Hakuomba maji. Alisema, "Mwaitu. Nilivivua."

"Nini, baba?"

"Viatu. Nilivivua mlangoni. Vimeungua hapo kwa rafu. Usinunue vingine."

Nikamwambia sawa. Nikamwambia apumzike.

Siku ya nne muuguzi aliyekuwa peke yake kwenye wodi iliyojaa aliniomba nimsaidie kumsafisha. Yeye alishughulika na kifua, akaniachia miguu. Nilifunua shuka. Goti lilikuwa limeungua, muundi ulikuwa umeungua, ngozi imetoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Halafu kwenye kifundo cha mguu, ghafla, kuungua kuliisha. Kuliisha kwa mstari ulionyooka, uliozunguka mguu mzima, na chini ya mstari huo ngozi ilikuwa nzima. Vidole vilikuwa vizima, kisigino kizima, na mipasuko ile yenye wino wa buluu ilikuwa pale pale kama nilivyoijua. Mguu wa pili ulikuwa hivyo hivyo.

Nilisimama na pamba mkononi. Hakuna moto unaomchoma mtu hadi kwenye kifundo kisha ukaheshimu nyayo. Kilichozilinda ni viatu. Mpira wangu mzito, nilioukunja Gikomba kutafuta ufa, ulikuwa umekaa kati ya baba yangu na saruji, ukamfungia njia, ukaijaza stima ndani yake mpaka ikatokea kidoleni. Kisha, moto ulipokuja, ukafanya kile nilichoununulia. Ulimhifadhia nyayo.

Na yeye, akiwa hana midomo ya kuzungumzia, alikuwa ametumia pumzi aliyobaki nayo kunidanganya. Nilifikiri, kwa hasira iliyonishangaza, kwamba hakuwa na haki. Angenilaumu ningeweza kumwomba msamaha. Sasa alikuwa ameufunga mlango huo, kwa upole wake ule ule.

Niliziosha nyayo zake. Niliziosha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikipitisha pamba kwenye kila mpasuko. Nilipoinua macho alikuwa ananitazama kwa jicho moja lililoweza kufunguka. Alijua ninachokiona.

"Nilivivua," akasema tena.

"Ndiyo, baba," nikamjibu. "Ulivivua."

Alikufa siku ya tisa, asubuhi, wakati wa kubadilisha shuka.

Kwenye matanga, yule mama mkunja mifuko alinivuta kando ya ukuta. Alisema baba alikuwa amemwapisha, lakini kiapo kimemlemea. Alikiri kwamba ni yeye aliyevivua viatu vile miguuni mwa baba ndani ya gari, njiani kwenda hospitali, na baba ndiye aliyemwomba avitupe. Nikamwambia nilishajua. Akanieleza ambacho sikukijua. Tangu avae viatu, baba alikuwa na desturi ya kugusa nguzo ya chuma ya kiwanda kwa kiganja kizima kabla ya kushika mtungi wa thina, kila mara, mara nyingi kwa siku, ili stima kavu impitie hapo. Walimcheka kwamba anasalimia nguzo. Siku ile msimamizi alimpigia kelele kuwa wino unakauka, akakimbia na mtungi, nguzo hakuisalimia.

Kwa hiyo alijua. Kila siku, kwa miezi mitatu, alivaa kifo miguuni akijua ni kifo, akakizuia kwa kiganja, kwa sababu binti yake alimwita chokoraa. Nimejaribu kumlaumu aliyeukata waya wa shaba. Nimejaribu kumlaumu mwenye kiwanda na maji yake ya kununua, na msimamizi na kelele zake, na wote wana sehemu yao, siwaondolei hata chembe. Lakini nikimaliza kuwagawia, sehemu yangu hubaki pale pale, haipungui.

Tulimpeleka kwao Kitui kumzika. Mochari, kabla ya safari, shangazi yangu, dada yake, alileta nguo. Alikuwa na suti, shati jeupe, soksi za nailoni zikiwa bado zimebandikwa karatasi, na viatu vipya vyeusi ndani ya boksi. Alinipa boksi nimvalishe mimi, kwa kuwa nilikuwa mtoto wake wa pekee. Nililifungua nikakigeuza kiatu kimoja. Soli yake ilikuwa ya mpira.

"Shangazi, hatavaa viatu," nikasema.

"Ati nini?"

"Wala soksi."

"Mzee wa kanisa azikwe hivyo? Watu wa nyumbani wakifungua sanduku watasema nini? Watasema alikuwa na mtoto Nairobi, mwenye kazi, akashindwa kumnunulia babake viatu!"

Nyayo za baba zilikuwa mbele yetu, wino wake bado umo. Nilizishika zote mbili kwa mikono yangu.

"Waseme," nikamwambia. "Mimi ndiye nilimnunulia."